Bidhaa Ikishauzwa Hairudishwi? Historia ya Khiyari Tangu Soko la Madina Hadi Malipo ya Simu



Sifa zote njema anastahiki Allaah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi na wanafunzi, makala hii imetokana na cherehani.

Mama mmoja wa hapa Kampala, mzazi wa mwanafunzi wangu wa madrasa, alikusanya akiba yake akanunua cherehani ili ashone kanzu na mabuibui nyumbani. Alilipa shilingi laki nne na nusu kwa simu. Ujumbe wa malipo ukaingia, mashine ikafungwa kwenye bodaboda, akaondoka. Alipofika nyumbani na kutia uzi, cherehani ikawa inaruka mishono. Fundi aliyeifungua alikuta chuma cha ndani kimewahi kupasuka, kikachomelewa, kisha kikapakwa rangi juu yake ili kisionekane.

Kesho yake asubuhi aliirudisha. Kijana wa dukani alimwonyesha bango lililobandikwa ukutani, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Halafu akaongeza neno ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Na hela yako, mama, haipo hapa. Imeshakwenda kwenye simu."

Mwanawe, kijana wa miaka kumi na saba, alikuja na njia yake. Alimwambia mama yake awapigie watu wa kampuni ya simu, aseme kuwa alikosea namba, na wao watazirudisha pesa. Mama alisita. Jioni alikuja kwangu akauliza: "Ustadhi, nikifanya hivyo nitakuwa nimechukua haki yangu, au nitakuwa nimeiba?"

Swali hilo lina pande mbili. La kwanza, je, ana haki ya kurudisha? La pili, pesa iliyopita kwenye simu inarudi kwa njia gani iliyo halali? Ili kuyajibu yote mawili inatubidi turudi nyuma kidogo katika historia, kwa sababu wengi wetu tunadhani kuwa haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa ni jambo la kisasa lililoletwa na maduka makubwa. Si kweli.

SOKO LA MADINA

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wa mji ule na masoko yao na hila zao za biashara. Waislamu wakafundishwa hukumu za mauziano hatua kwa hatua, na nyingi kati ya hizo zilitokana na matukio yaliyotokea sokoni kwenyewe.

Lipo tukio mashuhuri alilolipokea Abu Hurayra (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka akatia mkono wake ndani yake, na vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kuwa imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione. Kisha akaonywa kuwa mwenye kughushi hayumo katika kundi la Mtume. Angalieni jambo hili. Kosa la mtu yule halikuwa kuuza nafaka yenye unyevu. Kosa lake lilikuwa kuificha chini ya ile kavu. Na chuma kilichopakwa rangi ni ndugu yake na nafaka ile.

Kulikuwa na hila nyingine ya wafugaji. Mtu akitaka kuuza ngamia au mbuzi, alimfunga chuchu siku kadhaa bila kumkama, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani mnyama ana maziwa mengi. Hukumu ya Mtume (S.A.W.) ilikuwa kwamba mnunuzi akishamkama na kugundua, ana hiari mbili: amuweke, au amrudishe pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa aliyoyatumia. Katika baadhi ya mapokezi imetajwa muda wa siku tatu. Tazameni uadilifu huu wa pande zote mbili. Mnunuzi anapata haki ya kurudisha, na muuzaji naye, pamoja na hila yake, halipotei fungu lake la maziwa.

Yupo pia Sahaba anayetajwa kwa jina la Habbaan bin Munqidh (R.A.), ambaye aliumia kichwani na akawa anahadaiwa katika biashara. Mtume (S.A.W.) alimfundisha aseme wakati wa kununua kuwa hakuna kuhadaiana, na akapewa khiyari ya siku tatu. Inapokewa kuwa aliishi miaka mingi baadaye, na wauzaji walipokataa kupokea bidhaa anazorudisha, alihitaji Sahaba mmoja apite na kushuhudia kuwa kweli Mtume (S.A.W.) alimpa haki hiyo. Bila shahidi, haki yake ingekuwa ngumu kuithibitisha.

Ama Al-Addaa bin Khalid (R.A.), yeye alikuwa na karatasi. Aliponunua mtumwa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) aliandikiwa hati iliyotaja nani kauza, nani kanunua, na kwamba hakuna ugonjwa wala hila iliyofichwa. Hiyo ni risiti yenye dhamana ndani yake, karne kumi na nne zilizopita.

Kutokana na mafundisho haya wanachuoni wakapanga aina za khiyari, yaani haki ya kuendelea na mauziano au kuyavunja. Tatu ndizo zinazotuhusu leo.

1. Khiyari ya kikao. Muuzaji na mnunuzi kila mmoja ana haki ya kuvunja mauziano madamu hawajaachana. Abdullah bin Umar (R.A.), aliyeipokea hadithi hiyo, alikuwa akinunua kitu kilichompendeza huondoka hatua chache ili mauziano yathibiti. Imam Shafi'i na Imam Ahmad waliichukua. Imam Malik aliipokea katika Muwatta wake lakini hakuitumia, na Imam Abu Hanifa naye hakuitumia.

2. Khiyari ya sharti. Wanakubaliana muda wa kujaribu bidhaa. Kwa Shafi'i muda huo hauzidi siku tatu.

3. Khiyari ya aibu. Mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo tangu bidhaa ikiwa kwa muuzaji, naye hakuijua, anayo haki ya kuirudisha na kupewa bei yake yote. Kwa Shafi'i anatakiwa arudishe haraka baada ya kugundua, asiendelee kuitumia.

Zaidi ya hizo ipo iqaala. Hii ni pale ambapo bidhaa haina kasoro yoyote, bali mnunuzi amejuta tu. Muuzaji halazimiki kukubali. Lakini Mtume (S.A.W.) alibashiri kuwa mwenye kumkubalia Mwislamu aliyejuta, Allaah atamsamehe kuteleza kwake Siku ya Kiyama.

BANGO LA ZAMANI

Huenda mtu akasema kuwa muuzaji wa cherehani alitangaza mapema kwa bango lake, na mnunuzi akaingia dukani akiliona. Jambo hili nalo si geni. Wakati wa Masahaba lilikuwepo, likiitwa kuuza kwa baraa, yaani muuzaji anajitoa katika dhima ya kasoro yoyote.

Imam Malik amesimulia kuwa Abdullah bin Umar (R.A.) alimuuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti hilo. Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana maradhi ambayo hakuambiwa. Kesi ikafika kwa Khalifa Uthman bin Affan (R.A.). Uthman akaamua kuwa Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akijua maradhi yoyote. Ibn Umar hakukubali kuapa, akamchukua mtumwa wake. Baadaye akamuuza kwa dirham 1,500. Basi hata mtu wa daraja ya Ibn Umar hakuruhusiwa kujificha nyuma ya sharti bila kuulizwa alichokuwa akikijua.

Karne kadhaa baadaye, Imam Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 676 Hijria sawa na mwaka 1277 wa Miladi, aliandika Minhaj, kitabu kifupi cha fiqhi ya Kishafi'i. Kitabu hiki ndicho kilichokuwa tegemeo la makadhi na waalimu wa Zanzibar, Lamu, Mombasa na pwani nzima. Nawawi ameandika kuwa sharti la kujitoa katika kasoro humwokoa muuzaji katika jambo moja tu: kasoro ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Kwa sababu mnyama anaishi, na anaweza kuficha ugonjwa hata mwenyewe asijue. Ama kitambaa, sufuria au cherehani, sharti hilo halimsaidii.

Kwa hiyo katika madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, bango lile halina nguvu juu ya kasoro iliyofichwa.

BANGO LA SASA LILITOKA WAPI?

Hapa msomaji atauliza: kama fiqhi yetu iko wazi hivyo, mbona bango limejaa kila duka, hata ya Waislamu?

Jibu lipo katika historia ya utawala. Wafanyabiashara wa Kiislamu kutoka pwani walifika Buganda katika karne ya 19, na mwaka 1844 unatajwa kuwa ndio Kabaka Suna II alipompokea Ahmed bin Ibrahim katika baraza lake. Walikuja na vitambaa vya merikani, na waliuziana kwa desturi walizozijua: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane, na kadhi wa pwani ndiye aliyekuwa mwamuzi wao wakigombana.

Utawala wa Kiingereza ulipokita mizizi, mambo yaligawanywa. Kadhi alibakishiwa ndoa, talaka na mirathi. Biashara ikahamia katika sheria za Kiingereza. Hata kitabu cha Minhaj chenyewe, mahakimu wa kikoloni walikisoma katika tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1914, nayo ikiwa imetolewa katika tafsiri ya Kifaransa. Milango ya mauziano ikabaki kusomwa darasani na kuachwa mle mle darasani. Sisi waalimu tunayo sehemu yetu ya lawama. Mwanafunzi anahifadhi nguzo za mauziano kwa ajili ya mtihani, kisha anakwenda kununua simu bila kukumbuka hata moja.

Sheria ya Uingereza ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1893 ndiyo iliyonakiliwa katika makoloni yetu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Msingi wake wa zamani ulikuwa kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Lakini tuwe waadilifu: hata sheria ile iliweka kuwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani anatakiwa atoe bidhaa inayofaa kuuzwa. Kasoro yake ilikuwa mlango mmoja ulioachwa wazi. Iliruhusu watu wakubaliane kuziondoa dhamana hizo. Katika mlango huo ndimo lilimopita bango.

Waingereza wenyewe waliubana mlango huo kwa ajili ya wanunuzi wa kawaida mwaka 1973, kisha wakaongeza sheria nyingine mwaka 1977. Kenya iliweka haki za mlaji katika kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010, ikafuatiwa na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Hapa Uganda sheria ya zamani iliondolewa, ikaja Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, ambayo nayo inataka bidhaa iwe na ubora na ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Sheria zimebadilika, lakini bango limebaki ukutani. Linamtisha yule asiyejua haki yake.

PESA ZILIPOINGIA KWENYE SIMU

Sasa tuje kwenye simu, maana kijana wa dukani alisema pesa imekwenda huko, na wengi hukubali jibu hilo.

Kabla ya huduma zenyewe kuanzishwa, watu wa Uganda walikuwa wameshabuni njia yao. Mtu wa Kampala alinunua muda wa maongezi, akampigia mwenye simu ya kijijini akamsomea namba, na yule akampa mzazi wake fedha taslimu baada ya kukata ujira wake. Nchini Kenya, mwaka 2005 yalianza majaribio ya kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kulipa mikopo yao kwa simu. Ikaonekana kuwa watu wanavutiwa zaidi na jambo jingine: kutumiana pesa. Ndipo M-Pesa ikazinduliwa rasmi Machi 2007 ikiwa huduma ya kutuma pesa. Ikafika Tanzania mwaka 2008. Hapa Uganda huduma ya MTN ilianza Machi 2009, na Rwanda mwaka 2010.

Malipo ya madukani yalikuja nyuma. Nchini Kenya, kwa mfano, huduma maalumu ya kulipia dukani kwa M-Pesa ilitangazwa mwaka 2013.

Mpangilio huu wa miaka una maana kubwa. Mfumo ulijengwa kwa ajili ya mtu anayemtumia mama yake pesa, si kwa ajili ya mauziano. Kwa hiyo kosa walilolifikiria waliotengeneza mfumo ni lile la kutuma pesa kwa namba isiyokuwa yenyewe. Njia ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili hiyo. Mtu akikosea anatoa taarifa mapema, na ikiwa aliyepokea hajazitoa pesa, zinaweza kuzuiwa na kurudishwa kwa utaratibu wao. Mfumo wenyewe haujui kama ulinunua cherehani au ulimpa mtu zawadi. Unajua tu namba mbili, kiasi, tarehe na saa.

Linganisheni na kadi za mikopo za Marekani na Uingereza. Nchi zote mbili zilitunga sheria mwaka 1974 zilizompa mwenye kadi haki ya kumfikishia mtoa kadi madai ya bidhaa aliyoinunua kwa kadi hiyo. Huko ugomvi wa mauziano uliingizwa ndani ya mfumo wa malipo. Kwetu, pesa ya simu ikishamfikia muuzaji aliyekusudiwa, kampuni kwa kawaida itamwambia mnunuzi azungumze na muuzaji.

Basi kuna mambo mawili ambayo majina yake yanafanana na watu wanayachanganya. Kurudisha muamala ni kusahihisha namba iliyokosewa. Kurudisha bidhaa ni kuvunja mauziano kwa sababu ya kasoro au kwa maridhiano. La kwanza linadaiwa kwa kampuni. La pili linadaiwa kwa muuzaji.

JE, PESA KUPITA KWA MTU WA TATU KUNAONDOA HAKI?

Swali hili nalo wanachuoni walishaliuliza, ingawa hapakuwa na simu. Katika mlango wa hawala, yaani kuhamishia deni kwa mtu mwingine, Imam Nawawi ametaja sura mbili.

Sura ya kwanza: mnunuzi hakulipa mkononi, bali alimwelekeza muuzaji akachukue bei kwa mtu wa tatu. Kisha bidhaa ikarudishwa kwa kasoro. Kauli yenye nguvu zaidi kwake ni kuwa hawala ile inabatilika. Malipo yalikuwa kwa ajili ya bidhaa, na bidhaa imerudi.

Sura ya pili: muuzaji anadaiwa na mtu, akamwelekeza mdai wake akachukue bei kwa mnunuzi. Kisha bidhaa ikarudishwa. Hapa hawala haibatiliki, kwa sababu haki ya mtu mwingine imeshaingia. Mnunuzi anamdai muuzaji wake, hamgusi yule mwingine.

Malipo ya simu hayalingani na hawala kwa kila jambo, na wanachuoni wa zama zetu wana maneno yao kuhusu namna ya kuyaelezea. Lakini mafunzo mawili yanabaki. Njia iliyopitia pesa haiondoi haki ya kurudisha kitu chenye kasoro. Na anayedaiwa ni muuzaji, hata kama pesa yenyewe imeshasonga mbele kwa watu wengine.

Vilevile, kuweka namba ya siri na kupokea ujumbe hakumalizi khiyari ya kikao. Kinachoimaliza ni kuachana, au kuchagua kwa kauli kuwa mauziano yamethibiti. Mwenye kulipa kwa simu akiwa bado amesimama mbele ya muuzaji, akaona kitu hakimfai, kwa Shafi'i haki yake ingalipo. Na kwa wale wanaonunua wakiwa mbali, Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Jeddah Machi 1990 na kuamua kuwa mikataba kwa vyombo vya mawasiliano inasihi. Wanaozungumza kwa simu kwa wakati mmoja wakahesabiwa kama watu waliohudhuria pamoja, na wanaoandikiana wakahesabiwa kama watu walio mbalimbali.

TURUDI KWENYE CHEREHANI

Nilimjibu mama yule hivi. Haki ya kurudisha unayo, maana kasoro ni ya zamani, ilifichwa, na uliirudisha siku ya pili tu bila kuendelea kuitumia. Lakini njia ya mwanao siyo. Ukisema kuwa ulikosea namba, utakuwa umesema uongo, kwa sababu namba ndiyo ile uliyoikusudia. Haki haidaiwi kwa uongo.

Kijana hakuridhika. Alisema: "Lakini ustadhi, wao ndio walioanza kudanganya."

Nilimuuliza kama angeona sawa Habbaan bin Munqidh alete shahidi wa uongo kwa kuwa yeye ndiye aliyehadaiwa kwanza. Akanyamaza. Kisha nikamweleza upande wa pili wa duka, ambao vijana hawauoni. Wapo watu wanaochukua bidhaa nzuri kabisa, wakifika nje wanadai wamekosea namba. Wapo wanaoonyesha ujumbe wa kughushi, na muuzaji anakuja kugundua jioni kuwa hakuna kilichoingia. Kila mmoja wa hao anampa muuzaji sababu ya kulibandika bango lake vizuri zaidi. Mwaminifu anayekuja baada yao ndiye anayelipa gharama.

Tulikwenda dukani watatu, na fundi akiwa wa nne. Tuliomba kumwona mwenye duka mwenyewe. Mama alifungua simu, akaonyesha ujumbe: jina la duka, kiasi, tarehe na saa. Fundi akafungua mashine, akakwaruza rangi kidogo kwa kucha, mshono wa kuchomelea ukaonekana. Mwenye duka alitazama kwa muda, akasema naye aliinunua hivyo hivyo kwa mtu wa jumla Kikuubo, na pesa ya mama ilikwishatumwa huko usiku uleule kulipia mzigo.

Nikamwambia: hatumdai mtu wa Kikuubo, na huyo ni wako wewe na yeye. Mama alinunua kwako.

Mzee yule hakubishana. Alirudisha laki tatu siku ile kwa simu, na laki moja na nusu akaituma Ijumaa iliyofuata. Makato ya kutuma aliyabeba yeye. Nauli ya bodaboda mama aliisamehe. Bango, nilipopita wiki iliyofuata, lilikuwa bado lipo ukutani. Lakini chini yake palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya wino: isipokuwa yenye kasoro.

MAMBO YA KUZINGATIA KATIKA FAMILIA

1. Jaribu kitu kabla hujaondoka. Tia uzi, washa pasi, pima kanzu. Kikao ni haki yako, usikikimbie.

2. Ikiwa hapana nafasi ya kujaribu, weka sharti kwa maneno ya wazi: nitakijaribu siku mbili, kikiwa kibovu nitarudisha. Mwambie muuzaji akuandikie hilo kwenye risiti.

3. Usifute ujumbe wa malipo. Qur'ani Tukufu katika Suratul Baqarah, aya ya 282, imetuamrisha kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, na Habbaan (R.A.) alisumbuka kutafuta shahidi. Wewe shahidi umemtia mfukoni. Lakini ujumbe hautaji bidhaa, kwa hiyo omba na risiti ya karatasi.

4. Ukigundua kasoro, acha kukitumia na urudi upesi. Anayeshona kanzu tano kwanza ndipo arudishe, amejidhoofishia hoja yake.

5. Ikiwa umejuta tu na bidhaa ni nzima, omba iqaala kwa adabu. Kwa Shafi'i iqaala ni kuvunja mauziano, kwa hiyo inakuwa kwa bei ileile, bila kuongeza wala kupunguza. Suala la makato ya simu zungumzeni kwa uwazi mridhiane.

6. Ukipokea pesa iliyotumwa kwako kwa makosa, si rizki yako. Ni mali ya mtu, irudishe kwa kupitia kampuni ili usije ukahadaiwa nawe.

7. Na wewe muuzaji, taja kasoro kabla hujaulizwa. Inasimuliwa kuwa Imam Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa Kufa, alipojua kuwa mshirika wake ameuza nguo yenye kasoro bila kuitaja, na mnunuzi hakupatikana tena, alitoa sadaka thamani yote ya mauzo yale. Yeye hakuwa na namba ya mnunuzi. Wewe unayo kwenye simu yako.

Mama yule alinunua cherehani nyingine, ya mtumba, kutoka kwa muuzaji aliyemwambia mapema kuwa gurudumu lake linapiga kelele. Linapiga kelele kweli, na inashona. Mwanawe mwezi huu tumemweka kuwasomea wadogo zake mlango wa khiyari. Amewaanzishia kwa kisa cha ngamia aliyefungwa chuchu, na wamekielewa bila taabu.

Ikiwa mmoja wenu ana tatizo la namna hii, amuulize mwanachuoni wa karibu naye kabla hajabonyeza chochote, kwani sura za mauziano ni nyingi na kila moja ina hukumu yake.

Allaah (S.W.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosamehe wanapouza na wanaosamehe wanaponunua. Amin.

Wabillaahi tawfiiq. Na Allaah ndiye Mjuzi zaidi.